Kuinama na Kushindwa: Historia ya Neno 'Stoop' na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya husoma fasihi mbili kwa wakati mmoja: ya Kiingereza na ya Kiswahili. Aghalabu walimu wa masomo haya mawili hawaketi meza moja, na kila mmoja hufundisha kwa istilahi zake. Mwanafunzi ndiye anayebaki na kazi ya kuvusha maneno kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mara nyingi huyavusha bila kuyachunguza. Kitenzi cha Kiingereza 'stoop' ni mfano mzuri wa hatari iliyomo katika kazi hiyo. Maana yake ya kwanza ni kuinama. Ya pili ni kujishusha hadhi. Mwanafunzi hushika mojawapo na kuitumia kila mahali. Matokeo ni kwamba mhusika aliyeinama kwa hekima huhukumiwa kuwa amejidhalilisha, na yule aliyejidhalilisha kweli huonekana kana kwamba ameinama tu kufunga kamba za viatu.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya neno hilo tangu Kiingereza cha Kale, kulilinganisha na maneno ambayo Kiswahili hutumia mahali pake, kisha kuonyesha jinsi tofauti hiyo inavyoathiri uhakiki wa kazi chache ambazo walimu wengi wanazifahamu. Hoja yetu ni moja. Neno la Kiingereza, hasa linapotumiwa kimaadili, humchukulia anayeinama kuwa ametoka juu. Kitenzi cha Kiswahili 'inama' hakidai hivyo; kinadai tu kwamba mtu ana mgongo. Kwa hiyo anayechagua neno la kufasiria 'stoop' huwa tayari ametoa hukumu juu ya mhusika, atambue asitambue.

Asili na safari ya neno

'Stoop' lina umri mkubwa katika Kiingereza. Umbo lake la kale lilikuwa 'stupian', na lina ndugu katika Kiholanzi cha zamani na katika lugha za Skandinavia. Wanaisimu hulihusisha pia na neno 'steep', ambalo hutumika kwa mlima wenye mteremko mkali. Undugu huo unaeleweka, kwa kuwa maneno yote mawili yanahusu kitu kinachoacha usawa na kuelekea chini.

Miongoni mwa matumizi yake ya kale yanayojulikana ni yale yaliyomo katika tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya kitabu cha historia cha Orosius, kazi iliyofanywa katika enzi ya Mfalme Alfred au muda mfupi baada yake. Humo mnasimuliwa kisa cha Valerian, mtawala wa dola ya Roma aliyetekwa na Shapur, mfalme wa Uajemi, mwaka 260. Kwa mujibu wa kisa hicho, kila Shapur alipotaka kupanda farasi, Valerian alilazimika kuinama ili mgongo wake uwe ngazi ya mshindi. Wanahistoria wengi wa leo wanatilia shaka kisa hicho. Lakini kwa mtu wa fasihi jambo la kuangaliwa ni jingine. Kitenzi chenyewe wakati huo kilitaja tendo la mwili tu, yaani kuupinda mgongo. Hata hivyo tayari kiliwekwa katika mazingira ya mtu aliyekuwa juu kabisa na sasa yuko chini ya unyayo wa mwingine.

Katika karne ya 16 neno hili lilipanuka kwa njia mbili zilizokwenda pande tofauti. Njia ya kwanza ni ya maadili: mtu akasemwa 'ameinama' anapofanya jambo lisilolingana na cheo au heshima yake. Njia ya pili ilitoka katika uwindaji. Mabwana wa Ulaya walifuga ndege wa jamii ya kozi na kuwafunza kuwinda. Kozi alipojiachia kutoka juu na kumshukia ndege mwingine kwa kasi, tendo hilo nalo liliitwa kwa neno lilo hilo. Hapa kwenda chini ni nguvu. Anayeshuka ndiye mwenye makucha.

Kwa hiyo kufikia wakati wa Shakespeare neno moja lilikuwa na picha tatu: mgongo uliopinda, heshima iliyoporomoka, na ndege wa mawindo anayeshuka kukamata. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi kwa riwaya za Marekani aongeze tahadhari nyingine ndogo. Huko 'stoop' huwa pia ni ngazi na kibaraza kilicho mbele ya mlango wa nyumba. Neno hilo lilitoka kwa walowezi Waholanzi na halina uhusiano wa maana na kuinama. Limefanana kwa sauti na tahajia tu.

Kiswahili kinavyoigawanya kazi hiyo

Kiswahili hakikuzikusanya maana hizi mahali pamoja. Kitenzi 'inama' hutaja tendo la mwili au la kitu: mkulima ameinama shambani, mwembe umeinama kwa uzito wa matunda. Viambishi ndivyo vinavyoanza kuonyesha uhusiano. Mama akimwinamia mtoto aliyelala, umbo la kutendea linatuonyesha upendo au uangalizi. Mtu akiinamisha kichwa, umbo la kutendesha linatuelekeza kwenye huzuni, aibu au staha, na muktadha ndio unaoamua.

Fauka ya hayo, lugha yetu ina msamiati mpana wa kwenda chini, na kila neno lina mahali pake. Anayechuchumaa au kuchutama amekunja magoti na kukaribia kukaa. Anayepiga magoti ameyaweka chini. Anayerukuu ameinama katika sala huku mikono ikishika magoti, na anayesujudu ameweka paji la uso ardhini. Anayejikunyata amejikusanya kwa baridi au woga. Haya si visawe. Mwandishi anayesema mhusika alisujudu mbele ya mtawala hakusema aliinama. Ametuambia kwamba mtawala huyo ametwaa nafasi isiyo yake.

Kwa upande wa maadili, Kiswahili hutumia kiambishi cha kujirejea 'ji', na hapo pia hutenganisha. Kujishusha kwa kawaida ni sifa, na anayejishusha huhesabiwa kuwa mnyenyekevu. Kujidunisha, kujidhalilisha na kujirahisi ni lawama. Kujipendekeza ni lawama ya aina nyingine, kwa kuwa anayejipendekeza huinama akiwa na jicho kwenye mkoba wa mwingine. Kiingereza kinaweza kuyabeba yote haya katika kitenzi kimoja na kumwachia msomaji apambanue. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua.

Na pale ambapo Kiswahili kinataka kusema kwamba kuinama kunaweza kuwa njia ya kupata, kina methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hutumika kwa tajiri na maskini, mkubwa na mdogo. Haiulizi aliyeinama alikuwa na cheo gani. Inauliza anataka nini, na kitu hicho kiko wapi. Ikiwa kiko mvunguni, hata bwana mwenye nyumba atainama.

Methali nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hiyo ni heshima si utumwa. Inahitajika kwa sababu katika jamii zetu mwili unaoinama umekuwa pia lugha ya salamu. Neno 'shikamoo' huelezwa na wataalamu wengi kuwa limetokana na kauli ya kushika miguu ya mkubwa. Leo anayelitamka hagusi mguu wa mtu. Kuinama kumebaki ndani ya neno. Wapo wanaoikataa salamu hiyo wakiihusisha na enzi za watumwa na mabwana, na wapo wanaoitetea kuwa ni adabu. Mjadala huo unaonyesha kwamba swali letu haliko vitabuni peke yake: je, anayejiweka chini mbele ya mwenzake amemheshimu, au amejivunjia heshima?

Migongo inayopinda katika Julius Caesar

Tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare ilikuwa tayari jukwaani London mwaka 1599. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kupitia kwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1963, ikapitiwa upya na kutolewa tena mwaka 1969. Onyesho la kwanza la tendo la tatu, ambamo Caesar anauawa, linaweza kusomwa lote kama mfululizo wa watu wanaokwenda chini.

Kwanza Metellus Cimber anapiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini. Caesar anamzuia kwa dharau na kulifananisha tendo lake na kujikomba kwa mbwa. Brutus anaubusu mkono wa Caesar, na Cassius anajishusha hadi miguuni pake. Caesar hatikisiki, na anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyoondoka mahali pake. Msomaji anajua, lakini Caesar hajui, kwamba kuinama huko ni mbinu ya kumzunguka. Waliopinda migongo wameficha silaha. Katika Kiswahili hatuwezi kusema wamejidunisha. Walichokitaka kilikuwa mvunguni, nao wameinama.

Caesar akishaanguka, Brutus anawaita wenzake wainame tena, safari hii ili waichovye mikono yao katika damu ya maiti. Hapa Shakespeare anatumia hasa neno 'stoop', na Cassius analirudia. Kwa mtazamo wa Brutus tendo hilo ni kama ibada ya uhuru. Kwa mtazamaji, maana ya pili ya neno inaanza kusikika chini ya ile ya kwanza: watu wa heshima wanainama, na heshima yao nayo inainama. Mtafsiri wa Kiswahili akiandika 'inameni', amehifadhi amri ya mwili lakini mwangwi wa pili umenyamaza. Akiandika neno la kudhalilika, amemfanya Brutus ajihukumu mwenyewe, jambo ambalo Brutus hawezi kulifanya wakati ule. Hakuna neno moja litakalokidhi mambo yote mawili, na si kosa la mtafsiri. Mwangwi huo hauna budi kurudishwa na mwalimu darasani.

Papo hapo Cassius anatabiri kwamba tukio lile litaigizwa tena na tena katika mataifa ambayo hayajazaliwa na kwa lafudhi ambazo hazijajulikana. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizotimiza utabiri huo, na hili ni jambo ambalo wanafunzi wetu hulifurahia wakielezwa.

Mwinamo wa mwisho ndio wenye ujanja mkubwa kuliko yote. Mark Antony anamtuma mtumishi wake kwa Brutus. Mtumishi anapiga magoti, kisha analala chini kifudifudi, akieleza kwamba ndivyo alivyoagizwa na bwana wake. Antony mwenyewe hayupo. Ameinama kwa mgongo wa mtu mwingine. Brutus anaridhika, anampa ruhusa ya kuzungumza kwenye mazishi, na kwa ruhusa hiyo Antony anaugeuza mji mzima. Mshindi wa onyesho lile ni yule aliyelala chini mapema, tena bila kuchafua nguo zake. Mwanafunzi aulizwe: mtumishi yule alipata nini?

Goldsmith: neno moja, hukumu mbili

Mwandishi aliyelitumia neno hili kwa namna inayofundisha zaidi ni Oliver Goldsmith, mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1766 alichapisha riwaya ya The Vicar of Wakefield. Ndani yake Olivia, binti wa kasisi, anadanganywa na bwana mwenye ardhi, Thornhill, kwa ndoa inayodhaniwa kuwa ya bandia. Akiwa amerudi nyumbani na huzuni yake, anaimba wimbo mfupi kuhusu mwanamke aliyeinama hadi kwenye upumbavu. Neno ni lilelile, 'stoop', na hukumu ni kali: kwa mujibu wa wimbo, aibu ya mwanamke huyo haina dawa ila kifo.

Miaka saba baadaye, tarehe 15 Machi 1773, mchezo wake wa She Stoops to Conquer ulionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Covent Garden, London. Msichana Kate Hardcastle ameletewa mchumba, kijana Marlow, ambaye hupata kigugumizi mbele ya mwanamke wa tabaka lake lakini ni mwepesi wa ulimi mbele ya wahudumu. Marlow amedanganywa aamini kwamba nyumba ya baba yake Kate ni nyumba ya kulala wageni. Kate anatumia kosa hilo. Anavaa mavazi ya kawaida, anajifanya mhudumu, na kwa njia hiyo anaujua moyo wa kijana na kumpata. Jina la mchezo lenyewe linatangaza kwamba ameinama ili ashinde.

Mwandishi mmoja, basi, alilitumia neno moja kwa wanawake wawili. Kwa Olivia kuinama ni kuangamia. Kwa Kate ni kushinda. Nini kilichobadilika? Olivia aliinamishwa na mwanamume aliyemzidi mali na mamlaka, bila kujua ukweli wa anachokiingia. Kate aliinama mwenyewe, akijua anachokitaka, katika nyumba ya baba yake, na akijua anaweza kuinuka siku yoyote. Kwa Kiswahili tungesema Olivia alidhalilishwa, na Kate alitaka cha mvunguni. Hatungetumia kitenzi kimoja kwa wote wawili. Hapo Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo neno la Kiingereza limelifunika: wimbo unamlaumu Olivia kwa tendo ambalo sehemu kubwa yake alitendewa.

Hata hivyo tusimpe Kate ushindi bila kuuliza swali. Ameweza kuinama kwa kuwa alikuwa juu. Mhudumu halisi, ambaye Marlow humchezea na kumwacha, hana pa kuinukia. Mchezo wenyewe unachekesha kwa sababu watazamaji wanajua Kate si mhudumu. Mwaka 1922 T. S. Eliot aliurejelea wimbo wa Olivia katika The Waste Land, akamhusisha na karani mwanamke wa London ambaye, baada ya kukutana na mwanamume asiyempenda, anaweka sahani ya santuri na kuendelea na maisha. Haijulikani tena kama ameinama, maana hakuna anayemtazama kutoka juu wala chini. Neno la kale limekosa ngazi ya kushukia.

Wasiokubali kuinama

Ili kulielewa neno vizuri, ni muhimu kuwaangalia pia wanaolikataa. Katika shairi la My Last Duchess, ambalo Robert Browning alilichapisha mwaka 1842, mtawala wa Ferrara anamwonyesha mjumbe picha ya mke wake aliyefariki. Malalamiko yake ni kwamba mke huyo alimtabasamia kila mtu na hakulitofautisha jina la ukoo lenye umri wa miaka mia tisa na zawadi ndogo za watu wengine. Angeweza kumweleza, lakini kumweleza kungekuwa kuinama, na yeye hainami. Badala yake alitoa amri, na tabasamu zikakoma. Neno 'stoop' hapa linapimwa kwa damu: bwana aliona ni nafuu mke afe kuliko yeye kushuka ngazi moja ya mazungumzo.

Tumweke kando yake mhusika mkuu wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani. Anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Angekubali, angepunguziwa mateso, na msomaji anajua kwamba yeye mwenyewe ana mashaka juu ya maji hayo. Anakataa kwa sababu anafahamu kwamba kauli hiyo ingepelekwa kwa vizazi vijavyo ili viamini kuwa kupigana kulikuwa kosa.

Wote wawili wamekataa kuinama, lakini hawakukataa kitu kimoja. Bwana wa Ferrara analinda kimo chake. Kinjeketile hana kimo cha kulinda, maana ni mfungwa. Anacholinda ni mgongo wa wengine. Mwanafunzi anayewaita wote wawili 'wenye msimamo' na kuishia hapo hajahakiki. Vilevile katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Gege anakubali kumuua ndugu yake Mwelusi kwa tamaa ya kumwoa binti wa mtawala. Huyu ndiye tunayeweza kusema bila wasiwasi kwamba amejidunisha, ingawa hakuna mahali anapohitaji kupinda mgongo. Kitenzi cha mwili hakihusiki. Cha kujirejea ndicho kinachomfaa.

Mwana Kupona na swali la mvunguni

Hakuna kazi ya Kiswahili ambamo swali hili lina uzito kuliko Utendi wa Mwana Kupona. Ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said wa Zanzibar. Mshairi alikuwa mgonjwa, naye alifariki yapata miaka miwili baadaye. Anamwachia binti yake wasia. Anamweleza kwamba radhi anazozihitaji ni za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kisha anamfunza jinsi ya kumtunza mume, kumpepea anapolala na kutomshtua usingizini.

Wahakiki wengi wameona humo mwanamke anayefunzwa utumwa wa ndoa. Wengine wameona mama mwenye busara anayempa binti yake njia ya kuishi kwa usalama na kupata pepo katika jamii ambayo hakuiunda. Kwa istilahi za makala haya, kundi la kwanza linasoma kujidunisha. La pili linasoma kuinama kwa ajili ya cha mvunguni. Darasani mjadala huu mara nyingi huwa mgumu kwa sababu wasichana na wavulana huketi pamoja, na kila upande huona umetukanwa au umetetewa.

Historia ya neno 'stoop' inatuongezea swali la tatu. Mwana Kupona anamwonya binti yake pia asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Kwa hiyo binti anayeelekezwa kuinama mbele ya mume ni bibi ambaye wengine wanainama mbele yake. Kama Kate, ana kimo. Kuinama kwake ni adabu ya tabaka la juu, na adabu hiyo ni sehemu ya hadhi yake. Mjakazi wa nyumba ile alipepea na kuosha pia, lakini hakuna aliyemwandikia utendi kuhusu radhi atakazopata. Tukisoma hivi, hatuna haja ya kumtetea Mwana Kupona wala kumshtaki. Tunamweka katika Siyu ya karne ya 19, penye mabwana, mabibi na watumwa, tukimuuliza kila mmoja anainama mbele ya nani.

Mapendekezo ya kufundishia

Mwalimu anaweza kuigeuza historia hii kuwa kazi ya darasani isiyohitaji vifaa vingi. Kwanza, wanafunzi waorodheshe vitenzi vya Kiswahili vya kwenda chini, kisha waviigize mmoja mmoja. Darasa litagundua lenyewe kwamba kuchutama na kusujudu havibadilishani nafasi.

Pili, kila wanapokutana na mhusika anayejishusha, wajibu maswali manne kabla ya kuandika neno lolote la hukumu. Ameinama mwenyewe au ameinamishwa? Ameinama mbele ya nani? Alikuwa na pa kuinukia? Alipoinuka, alikuwa na nini mkononi? Maswali haya yanafaa kwa mtumishi wa Antony, kwa Olivia, kwa Kate na kwa binti wa Mwana Kupona. Yanafaa pia kwa wahusika wa kitabu chochote kitakachoteuliwa miaka ijayo.

Tatu, shule yenye nakala ya tafsiri ya Nyerere ilinganishe onyesho la kuuawa kwa Caesar katika lugha mbili. Walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wanaweza kukubaliana kulifundisha juma moja. Wanafunzi wateue neno lao wenyewe kwa kila mwinamo na kutetea uteuzi huo kwa ushahidi wa matini.

Nne, katika kusahihisha, tuwe waangalifu na jibu linalosema tu kwamba mhusika 'amejidunisha' au 'ni mnyenyekevu'. Hayo ni majina ya hukumu. Alama zitolewe kwa hoja inayoonyesha jinsi mwanafunzi alivyoifikia.

Hitimisho

Tumeona kwamba 'stoop' lilianza kama neno la mgongo, likapata maana ya heshima iliyoshuka na ya kozi anayeshuka kwa kasi, na kwamba waandishi kutoka Shakespeare hadi Eliot walizitumia maana hizo kwa kuzigonganisha. Kiswahili hakina neno moja la kugonganisha hivyo. Badala yake kina kitenzi cha mwili, vitenzi vya ibada, vitenzi vya kujirejea na methali. Huo si upungufu wa lugha yetu. Ni nyenzo ya uhakiki, kwa kuwa humzuia msomaji kumlaumu aliyeinamishwa kana kwamba aliinama mwenyewe. Walimu wa Kiswahili tukiifundisha nyenzo hiyo kwa makusudi, mwanafunzi wetu ataipeleka pia katika somo la fasihi ya Kiingereza, na safari ya kuvusha maneno haitakuwa tena ya kwenda upande mmoja.